Kompresa na tenki chini ya gari: likigoma, anzia wapi

Ukiona gari la mtu wa Tanga limefungwa kompresa na tenki la upepo chini ya tumbo, mwenyewe ana sababu moja kati ya mbili. Ama anapenda honi ya upepo ya kuwashtua bodaboda wa Ngamiani, ama ni mtu wa mchanga na matope: leo yuko Ushongo, Jumamosi ijayo anapanda Amani kupitia Muheza. Huyu wa pili hushusha upepo wa matairi hadi PSI 18 au 20 (PSI ni kipimo cha presha) akiingia mchangani, na akirudi kwenye barabara ngumu anataka 35 yake hapohapo, bila kutambaa kwenda kutafuta sheli. Haya yameandikwa kwa ajili yake zaidi, ingawa wa honi naye atapata lake humu.

Mfumo wenyewe una vitu vichache. Kompresa ya volti 12 inavuta hewa na kuisukuma kwenye tenki kupitia mpira uliofumwa kwa waya wa chuma, na mahali fulani hapo kuna valvu ya njia moja inayozuia upepo usirudi nyuma. Swichi ya presha inaizima kompresa ikifika, tuseme, PSI 145, na kuiwasha tena presha ikishuka hadi 110. Valvu ya usalama inaachia upepo endapo swichi itashindwa. Chini ya tenki kuna koki ya kumwaga maji. Basi. Ila vyote vimefungwa sehemu ngumu kuliko zote kwenye gari: kuna joto la ekzosi, kuna mawe, kuna matope ya masika, na kwetu huku kuna chumvi ya bahari juu ya hayo yote. Kwa hiyo kompresa yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa. Nimeona watu wakinunua mpya, wakaifunga palepale kwa waya uleule na ethi ileile (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri), na baada ya muda mfupi wanarudi na lalamiko lilelile.

Kabla hujalala chini ya gari: chomoa fyuzi ya kompresa, fungua koki na uache upepo wote utoke, weka mawe kwenye magurudumu, na usitegemee jeki peke yake. Usilegeze nati yoyote ya mfumo huu kukiwa na presha ndani. Kipande cha shaba kikiruka kwa PSI 140 hakikuulizi kama umevaa miwani.

Haiwaki kabisa

Kwanza soma geji. Kama inasema 120, kompresa haina ugonjwa wowote, inasubiri ishuke hadi 110 ndipo iwake. Mwaga upepo kidogo uone.

Kama tenki ni tupu na bado kimya, chukua multimita ufuate njia ya umeme kuanzia betri. Pima baada ya fyuzi, kisha mguu wa relei (swichi inayowashwa kwa umeme) unaoingiza umeme, kisha mguu unaotoa umeme huku swichi ya ndani ikiwa imewashwa, kisha kwenye waya mwekundu wa kompresa. Umeme ukipotea kati ya sehemu mbili, ubovu uko hapo katikati. Ukifika wote hadi kwenye kompresa na bado haizunguki, usishangilie kwamba umeipata: pima ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wa kompresa na nyingine kwenye hasi ya betri, swichi ikiwa imewashwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti hivi, ethi yako ni mbovu. Ikionyesha kama 12, ethi haipo kabisa.

Ethi ndiyo inayokufa mapema kuliko kitu kingine kwa magari ya pwani. Fundi alifunga terminali juu ya rangi ya chasisi, bolti ikaingia kwa nguvu, siku ile ikafanya kazi. Upepo wa kusi ukileta unyevu wa chumvi kutoka Raskazone mpaka Chumbageni, shaba inaota ukungu wa kijani na chuma kinaota kutu katikati yao. Dawa ni kukwangua hadi chuma king'ae, kufunga terminali iliyobanwa vizuri kwa koleo lake (si kusokotwa kwa mkono), kisha kupaka grisi juu ya vyote. Kukwangua kwanza, grisi baadaye. Wapo wanaopaka grisi juu ya kutu na kuita hiyo matengenezo.

Sababu nyingine ya ukimya: kompresa nyingi zina kinga ya joto ndani yake. Ikishapata moto sana inajizima, na hairudi mpaka ipoe, na kwa joto la Tanga la mwezi Februari hilo linaweza kuchukua nusu saa. Ikirudi yenyewe baada ya kupoa, ruka hadi kwenye sehemu ya joto huko chini.

Tenki likiwa tupu inawaka vizuri, ikitakiwa kuwaka tena inaunguruma tu au inachoma fyuzi

Hii ndiyo dalili inayowasumbua watu wengi na ndiyo inayouza kompresa nyingi bila sababu. Ukiielewa hii, umeelewa nusu ya mfumo.

Kompresa inayoanza na tenki tupu haina mzigo. Inayoanza wakati tenki lina PSI 110 inategemea kwamba upepo ule umezuiwa na valvu ya njia moja, usije ukaikalia pistoni. Valvu ikivuja, hata kidogo, pistoni inakuta ukuta. Mota haigeuki, umeme unapanda kuliko kawaida, fyuzi inakatika. Kuijua ni rahisi: jaza tenki, zima kila kitu, kisha sogeza sikio karibu na chujio la hewa la kompresa. Ukisikia upepo unapumua kutoka hapo, valvu imekwisha au imekaliwa na uchafu, mara nyingi kipande cha ile tepu nyeupe ya mabomba ambacho fundi alikiacha ndani. Ifungue, isafishe, ijaribu kwa kupuliza kwa mdomo pande zote mbili. Ikipitisha kwa nyuma, nunua nyingine.

Kama valvu ni nzima, tatizo ni waya. Hapa nitasema kwa takwimu, maana wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Kompresa ya ukubwa wa kati inavuta kama ampia 30. Tuseme kutoka betri hadi ilipofungwa ni mita 5, na fundi ametumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, kwa sababu ulikuwepo na ni wa shaba. Waya huo utakula volti moja nzima njiani. Kama na ethi imerudishwa kwa waya wa aina hiyo hadi kwenye betri, volti mbili. Betri ina 12.6 injini ikiwa imezimwa. Kompresa inapata kumi na kitu, na hapo bado hujahesabu fyuzi, relei na terminali. Mota iliyonyimwa volti haina nguvu ya kuanza na mzigo. Waya wa milimita 10 za mraba kwa umbali huohuo unakula kama robo volti tu. Ndiyo tofauti ya kompresa inayowaka na inayounguruma.

Tena waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene haukutengenezwa kutikiswa. Kwenye barabara za mashamba ya mkonge unachoka na kukatika ndani ya plastiki yake, nje ukionekana mzima. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, upitishe ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, uufunge mbali na ekzosi, na kamwe usiufunge kwa pamoja na bomba la breki au la mafuta. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi iliyo karibu na kompresa hailindi zile mita za waya zilizopita chini ya gari.

Jambo la mwisho hapa: washa injini kabla ya kujaza upepo. Altaneta ikifanya kazi unapata volti 13.8 hadi 14.4, na mara nyingi hiyo peke yake inaonyesha kama ugonjwa ni wa volti. Ikiwaka injini ikiwa hai na kugoma injini ikiwa imezimwa, usiiguse kompresa. Tafuta waya.

"Fundi, tenki umenifungia bovu"

Lalamiko hili huja hivi: tairi la kwanza linajaa chapuchapu, la pili kwa kusuasua, la tatu unaweza kwenda kunywa kahawa ukarudi. Mara nyingi jibu ni: hapana kaka, tenki ni zima, ni hesabu tu.

Tenki la lita 10 lililojaa hadi 145, likishuka hadi 35, linatoa hewa ya kama lita 75 kwa presha ya kawaida ya nje. Tairi la Prado au Hilux la inchi 17 linahitaji karibu kiasi hichohicho kupanda kutoka 20 hadi 35. Kwa hiyo tenki lako ni tairi moja. Matatu yaliyobaki yanajazwa na kompresa, na kama yako inatoa lita 30 kwa dakika, hesabu dakika saba hivi bila kuhesabu kuhamisha mpira. Tenki kubwa zaidi halitabadilisha sana, litakuchelewesha tu mwanzoni kulijaza. Anayetaka kasi anunue kompresa kubwa. Anayetaka honi, tenki ndilo jibu lake.

Lakini kama hata tenki tupu linachukua muda mara mbili ya zamani, hapo kuna ubovu. Anza na chujio la hewa. Vumbi jekundu la njia za Maramba na Mkinga huliziba likawa kama tofali. Lifungue uiwashe kompresa bila chujio kwa nukta chache mahali pasafi, ikichangamka, umepata. Kama chujio liko chini kabisa pamoja na kompresa, lihamishe: funga mpira kutoka kwenye mdomo wa kompresa hadi juu, ndani ya boneti au nyuma ya taa, na chujio likae huko. Kompresa iliyo na moto ikirushiwa maji baridi ya dimbwi huyavuta kwa hamu, na maji yakiingia kwenye silinda, hasa ya bahari, ringi za pistoni hazidumu. Ringi zikishakwisha kompresa inazunguka kwa kelele nzuri tu na haisukumi kitu. Hapo ndipo kubadilisha kunapoeleweka.

Presha inashuka gari likiwa limelala

Usikimbilie sabuni kabla hujasubiri. Hewa iliyobanwa ni ya moto, na ikipoa presha inashuka bila tundu lolote. Tenki lililozimwa kwenye 145 hewa ikiwa na nyuzi 60 litasoma kama 131 likipoa hadi nyuzi 30. Kwa hiyo soma geji baada ya saa moja, andika, kisha soma asubuhi. Tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo uvujaji wako wa kweli.

Ikiwa ipo, sasa sabuni. Povu zito la sabuni ya kuoshea vyombo, brashi ya rangi, na mtu mwenye subira. Paka kila maungio, geji, swichi ya presha, valvu ya usalama, koki ya maji, na mwisho wa mpira wa kujazia tairi. Usisahau honi yenyewe: valvu yake ya umeme huvuja kwa ndani na povu la nje halitakuonyesha. Itenge kwa kuziba njia yake uone kama presha inakaa.

Maungio yanayovuja hata ukikaza mpaka spana ilie yana hadithi yake. Kompresa na matenki mengi ya aina hii yanafuata vipimo vya Marekani, meno ya NPT. Vifaa vya mabomba vinavyouzwa kwenye maduka yetu ni BSP, vipimo vya Uingereza. Vyote vinaitwa "robo inchi" kaunta. NPT ya robo ina meno 18 kwa inchi, BSP ina 19, na pembe ya jino ni nyuzi 60 kwa moja na 55 kwa nyingine. Vinaingiliana mizunguko miwili mitatu, vinakaza, vinakudanganya. Kisha vinavuja milele, na ukizidi kukaza unapasua kiungio cha shaba au unaharibu meno ya tenki, ambayo hayabadilishwi. Nusu inchi ni mtego mbaya zaidi, maana zote mbili zina meno 14 na zinaingia kama ndugu wa damu. Ukipoteza kiungio kilichokuja na kompresa, usiridhike na kinachofanana. Nenda na chenyewe dukani, vilinganishe meno kwa meno kwenye mwanga, na kama hakuna, tafuta kiungio cha kubadilisha kutoka kimoja hadi kingine.

Tepu ya mabomba inasaidia kwenye meno ya kuchongoka (yale ambayo kiungio chake kinapungua unene kuelekea ncha), mizunguko mitatu minne, ukiacha jino la kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye valvu. Haitibu meno yasiyolingana.

Haizimi hata ikifika mwisho, na valvu ya usalama inapiga kelele

Zima haraka, chomoa fyuzi. Karibu kila mara relei imeganda kwa ndani, au swichi ya presha imebebeshwa mzigo wote wa kompresa wakati ilitakiwa iwashe relei tu. Pigapiga relei kwa mpini wa bisibisi: ikizima, umemjua mwizi. Badilisha kwa relei inayobeba kweli ampia zaidi ya zile za kompresa yako, na uilinde na maji. Na yeyote atakayekushauri uzibe valvu ya usalama kwa sababu "inavuja vuja", mpeleke mbali na gari lako.

Inajizima katikati ya kazi

Joto. Soma kwenye karatasi iliyokuja na kompresa inaruhusiwa kufanya kazi kwa muda gani; nyingi za bei nafuu zinataka kupumzika muda mrefu kuliko zinavyofanya kazi. Kisha angalia ilipofungwa. Kama ekzosi iko karibu kiasi kwamba unaweza kuzigusa zote mbili kwa kiganja kimoja, hamisha moja, na kwa kawaida ni kompresa. Upande wa pili wa chasisi, nyuma ya tenki la mafuta lakini si juu ya difu inapopanda, ndipo nafasi nzuri hupatikana kwa magari mengi ya chasisi ndefu. Sahani ya bati kati yake na ekzosi husaidia, ila usiifunike kompresa yote kwa boksi "la kuzuia matope" lisilopitisha hewa. Umeizuia matope na umeioka.

Mpira kati ya kompresa na tenki lazima uwe ule uliofumwa kwa chuma, kwa sababu hewa inayotoka hapo ni ya moto sana. Ukikuta umeyeyuka au umevimba, kuna mtu aliweka wa plastiki. Bomba za PVC za maji usizitumie popote kwenye mfumo huu; zinapasuka kwa vipande vikali.

Maji yanatoka kwenye mpira wa kujazia

Kawaida kabisa kwa mji huu. Hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inabeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kila unapojaza lile tenki la lita 10 kutoka tupu, gramu mbili hivi zinabaki kama maji. Fungua koki kila baada ya safari, tenki likiwa na presha kidogo tu ili isukume uchafu nje. Kama koki haiko mahali pa chini kabisa pa tenki, tenki limefungwa vibaya, lizungushe. Maji yakitoka ya rangi ya chai, soma sehemu ya mwisho.

Kelele na mtikisiko

Bushi za mpira chini ya kompresa zimekufa, au bolti zimelegea. Tumia nati zenye plastiki ndani, na kaza tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu. Kama tundu limetobolewa kwenye mkunjo wa juu au wa chini wa chasisi, angalia kama kuna ufa unaanza pembeni yake. Matundu yakae katikati ya ukuta wa chasisi, au bora zaidi, tumia bano lisilohitaji kutoboa. Kwa Noah na magari mengine yasiyo na chasisi, usifunge tenki kwenye bati tupu la sakafu bila kipande cha chuma upande wa pili.

Tenki lenyewe

Tenki la upepo lililotolewa kwenye Fuso chakavu linaweza kufaa, na huku hupatikana kwa urahisi. Lakini kutu yake iko ndani. Lipige kwa nyundo ndogo taratibu, hasa chini: sauti ikibadilika kutoka mlio hadi mguno, bati limekuwa jembamba. Linalotia shaka lijazwe maji hadi litapike, ndipo lisukumwe presha mara moja na nusu ya ile utakayotumia. Maji hayabanwi, likipasuka linalia tu na kulowesha. Likipasuka na hewa ni bomu. Mitungi ya gesi ya kupikia usiiguse kwa kazi hii.

Kitundu kidogo cha kutu kikitokea kwenye mshono, fundi wa kuchomelea atakwambia ni kazi ndogo. Si kazi ya kufanywa: joto linadhoofisha bati la pembeni, ambalo nalo lina kutu ileile. Tenki hilo limekwisha. Litoboe kwa drili matundu makubwa mawili matatu kabla ya kuliuza kama chuma chakavu, la sivyo litapakwa rangi na kufungwa chini ya gari la mtu mwingine.